Nimefeli, Nilifeli, Nisingefeli



Nianze na madai, na walimu wenzangu wa Kiingereza wakitaka kuyapinga wapinge. Kitenzi cha Kiingereza tunachokijua kuliko vyote huku Pwani, tunachokigeuza kwa kila wakati na kila hali bila kufungua kitabu, ni kufeli. Kaa kwenye baraza yoyote ya Mlingotini, hapa Bagamoyo, siku matokeo ya mtihani yanapotoka, usikilize wazee wakiulizana.

"Vipi, kafeli?"

"Hajafeli, matokeo yake bado hayajaonekana."

"Na yule wa jirani?"

"Yule alifeli mwaka juzi, akarudia, safari hii kafaulu."

"Angekuwa anasoma asingefeli mara ya kwanza."

"Hakufeli yule, alifelishwa."

"Haya, na mdogo wake naye asije akafeli."

Mazungumzo ya dakika moja. Ndani yake mna hali timilifu na kukanusha kwake, wakati uliopita, masimulizi, masharti, kutendeshwa, na mwishoni ombi lililochanganyika na onyo. Hakuna aliyewafundisha wazee wale kwamba neno walilolishika ni "fail" la Waingereza. Walilipokea kutoka shuleni, wakalivua viatu, wakaliingiza ndani. Wazee zaidi wanajua pia feli nyingine, ya Kiarabu, yenye maana ya tendo, hasa tendo baya. Hiyo si ndugu yake, ni kufanana majina tu.

Neno hili letu tulilisikia nchi nzima Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri wa Elimu wakati ule alikuwa Dakta Shukuru Kawambwa, ambaye pia alikuwa mbunge wa Bagamoyo, kwa hiyo kwetu huku habari ile ilikuwa ya taifa na ya nyumbani kwa pamoja. Serikali iliunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Watu walibishana kuhusu walimu, vitabu, maabara na namna ya kupanga alama. Mimi narudi kwenye jambo moja lililo wazi kwa kila mzazi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili miaka yote, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Akiingia kidato cha kwanza, fizikia na jiografia vyote viwili vimegeuka lugha. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, zianze mwaka 1985. Haikufanyika. Mjadala huo una wenyewe na una miaka yake. Leo sitaki kuuingia kwa mlango wa mbele. Nataka kuzungumzia kitenzi.

Chukua kitenzi chepesi kabisa cha Kiingereza, "go", yaani kwenda. Kwa nini mtoto anayeweza kusema "asije akafeli" bila kufikiri anakwama kwenye "go"?

Nilimkuta binti mmoja wa darasa la sita pwani ya Mlingotini, maji yamekupwa, mama yake yuko mbali kule kwenye mashamba ya mwani. Yeye ameachiwa kamba zilizotandazwa kivulini, anafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia, na daftari limefunguliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniamkia, nikaitika. Nikaona jedwali limepigwa rula vizuri, mistari ya wino mwekundu, nyakati 12 za Kiingereza zimepangwa kutoka juu hadi chini. Nikamwomba anisomee. Akasoma bila kutazama: she goes, she is going, she has gone, she has been going, she went, she was going, mpaka mwisho wa ukurasa, mikono inaendelea na kazi. Hakukosea hata moja.

Nikamuuliza: "Haya mwanangu, akija mnunuzi asiyejua Kiswahili, akamuulizia mama, utamwambia nini?"

Akajibu papo hapo: "Mama amekwenda baharini, maji yakijaa atarudi."

"Kwa Kiingereza?"

Kimya. Kisha akaanza kushuka na jedwali lake: "She goes... she is going... she has gone... she had gone..." Akanyanyua uso. "Ipi sasa, babu?"

Swali hilo ndilo somo zima, msikilizaji. Jedwali linampa nyakati 12 na halimwambii ipi. Na hapohapo, sekunde chache nyuma, ameshachagua wakati sahihi kwa lugha yake: -me- kwa sababu mama kaondoka na mpaka sasa hayupo, -ki- kwa sababu kurudi kwake kunangoja maji, -ta- kwa sababu ni mambo yajayo. Akili ya nyakati anayo, tena iliyonolewa. Alichokosa ni daraja la kuvukia, na sisi walimu tumempa orodha.

Sasa tulitazame hili "go" lenyewe. Lina sura tano, basi: go, goes, going, went, gone. Kitenzi chetu kwenda ukianza kukihesabia sura zake, ninakwenda, sikwenda, sijaenda, nisipokwenda, nisingekwenda, nikaenda, tusiende, waliokwenda, asiyekwenda, kutakakoendwa, utakutwa na alfajiri. Kwa hiyo anayesema vitenzi vya Kiingereza ni vigumu kwa sababu vinabadilikabadilika hajavihesabu. Vinabadilika kidogo mno. Kitenzi kikuu cha Kiingereza ni nahodha mvivu: kakaa chini ya tanga, kazi yote inafanywa na mabaharia. Mabaharia hao ni vitenzi visaidizi, "be", "have", "do", "will" na wenzao, na mwanafunzi akiwajua hao, nahodha hamsumbui.

Nitoe kanuni tatu. Naomba mwenye kalamu aichukue. Baada ya "have" na sura zake, inakuja "gone". Baada ya "be" na sura zake, inakuja "going". Baada ya "will", "would", "can", "must", "do" na "did", inakuja "go" tupu, haivai chochote. Juu ya hizo tatu kuna jambo moja: wakati unabebwa na neno la kwanza katika mstari, mara moja tu, na yanayofuata hayana habari na saa. "She had been going": wakati uliopita umebebwa na "had", akamaliza. "Been" imekuja kwa sababu imetanguliwa na "had". "Going" imekuja kwa sababu imetanguliwa na "been". Jedwali lote la nyakati 12 limetoka hapo. Ukurasa mzima wa wino mwekundu ni sentensi nne.

Na hapa ndipo kosa maarufu la "did you went?" linapata maelezo yake. Mwalimu hulipiga mstari, akaandika "wrong", akaendelea. Lakini mtoto hakukurupuka. Kiswahili chetu, tunapotumia vitenzi viwili pamoja, tunavivika vyote viwili: tulikuwa tumekwenda, alikuwa anakwenda, watakuwa wamekwenda. Nafsi hapa, nafsi pale. Wakati hapa, hali pale. Mtoto wa Mlingotini akisema "did you went" amefuata adabu ya nyumbani kwao, kwamba kila kitenzi kitoke kimevaa. Mwambie hivyo. Mwambie Waingereza wanavisha cha mbele tu, cha nyuma hutoka kifua wazi. Atacheka, na hatarudia.

Hiyo "do" ya maswali nayo ina historia yake, na si ya kale sana. Sisi tukiuliza tunapandisha sauti tu: "Unakwenda?" Waingereza nao zamani waligeuza maneno tu, bila kuita msaidizi. Katika zama za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, njia zote mbili zilitembea pamoja, ya kugeuza maneno na ya kutumia "do", na ya pili ikaja kuimeza ya kwanza. Vivyo hivyo ile "s" ya "she goes". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 haikuitumia. Yenyewe inasema "goeth". Shakespeare anatumia zote mbili. Leo imebaki "s", inaning'inia kwenye nafsi ya tatu peke yake, na haimwambii msikilizaji lolote ambalo "she" haijamwambia. Nafsi zetu ziko ndani ya kitenzi, huwezi kuzidondosha. Hiyo "s" iko nje ukutani, mtoto ataisahau mara mia. Msahihishe, lakini usimpunguzie alama kana kwamba hajui anachosema.

Na "went"? Hiyo si ya "go" kwa kuzaliwa. Ni wakati uliopita wa kitenzi kingine, "wend", kilichokuwa na maana ya kushika njia. "Go" ilikuwa na wakati wake uliopita, ukapotea, ikaazima wa jirani na haikurudisha mpaka leo. Sisi nasi tunavyo vya namna hiyo. Kuja ukikiamrisha kinakuwa njoo. Kuleta kinakuwa lete, si leta. Kwenda kinakuwa nenda. Jaribu kumweleza mgeni kwa nini. Kiingereza kina vitenzi visivyofuata kanuni vipatavyo 200 hivi, na vingi ni vile vya kila siku, kula, kunywa, kulala, kununua, kusema, kwa sababu neno linalotumika kila saa husalia na ukale wake. Vitenzi hivyo havina njia ya mkato, vikaririwe. Hapo sina ugomvi na kukariri.

Mitego ya kweli iko penginepo. Upo mmoja kwenye -me-.

Shuleni tunafundishwa kwamba -me- ni "have": nimekwenda, "I have gone". Kwa kwenda, sawa. Sasa mnunuzi kafika, anamtaka baba, na baba yuko kitandani. "Baba amelala." Mtoto aliyekariri anafasiri: "He has slept." Mgeni anafahamu kwamba mzee kashamaliza usingizi wake, anangoja atoke. Ilitakiwa "he is sleeping". Vivyo hivyo amevaa kanzu, amesimama mlangoni, amekaa, nimechoka, amenuna. Kwetu -me- mara nyingi inaangalia hali iliyobaki baada ya tendo, mtu akiwa ndani ya hali hiyo sasa hivi, na Kiingereza kwa hali kama hizo hutumia "is" na "am". Sijaona jedwali la shule linalosema hivyo. Lisingeweza kusema, maana jedwali linapanga sura za Kiingereza, na mtego umefichwa ndani ya Kiswahili.

Kinyume chake, "nimekuja jana" tunasema na tunaelewana. Kiingereza hakikubali "have" na jana zikae pamoja. Ukitaja siku iliyokwisha, hama, nenda kwenye "came" na "went".

Mwingine ni wa -na-. Ninakwenda ni "I go" na pia ni "I am going", kwa hiyo tunachagua ile ndefu kwa kudhani ndiyo ya heshima, tukaishia na "I am knowing", "I am having two children". Kujua, kuwa na kitu, kupenda, hivyo kwao havihitaji "-ing". Kisha kuna lile la kwetu wote, kutoka hapa mpaka Mombasa na Kampala: mtu anainuka, anatoka mlangoni, mgongo umekuelekea, anakwambia "I am coming". Ni "nakuja" yetu, yaani natoka mara moja nitarudi. Mzungu aliyekaa kitini huona mtu anayekuja akienda.

Sentensi ya binti yetu pia ina mtego wake: maji yakijaa atarudi. Kujaa maji ni jambo lijalo, kwa hiyo mwanafunzi makini huandika "when the tide will come in", na hukosa. Baada ya "when" na "if", Kiingereza huacha "will" nje. Sisi nasi hatusemi "maji yatajaa atarudi". Tunatia -ki-, tunanyamaza kuhusu wakati. Kumbe lugha zote mbili zinakataa kitu kilekile. Mwalimu akianzia hapo, kanuni ngumu ya kitabu inakuwa jambo ambalo mtoto alikuwa akilifanya tangu ana miaka mitatu.

Nimesema nyakati, nisogee kwenye hali, maana ndiko kwenye utamu.

Mlingotini kuna kikundi cha wakulima wa mwani kinachoitwa Msichoke. Jina hilo ni sentensi kamili. Linawaambia watu wengi, linakanusha, linasihi, na lina tendo ndani yake, yote kwa silabi nne. Kiingereza kitasema "don't give up", na hapo tayari kimepoteza wingi: hujui anaambiwa mmoja au kijiji. Amri ya Kiingereza haina idadi wala haina ngazi. "Go" unamwambia mtoto, unamwambia mbuzi, unawaambia watu mia. Kwetu kuna nenda na nendeni, na kuna uende, na kuna "naomba uende", na kijana wa Pwani anayejua malezi hamwambii mzee "nenda" kavukavu. Amri tupu ndiyo sura rahisi kuliko zote katika Kiingereza, na ndiyo lugha ya vitabu vya injini: kagua mafuta, funga bomba, usiwashe bila maji. Kijana wa chuo cha uvuvi pale Mbegani huizoea mapema. Lakini akiibeba sura hiyo kutoka kwenye injini akaipeleka kwa mtu, "give me the key", "wait here", mgeni anajikunja, na kijana hajui kamkosea nini, kwa sababu sarufi yake ni safi.

Waingereza wanaweka wapi heshima yao, basi, kama kitenzi chao hakina uende? Wanaiweka kwenye wakati uliopita. "Could you", "would you", "I was wondering". Hayo kwa sura ni maneno ya zamani: "could" ni jana ya "can", "would" ni jana ya "will". Wanapotaka kusogea mbali na mtu ili wasimbane, wanarudi nyuma kwenye saa. Mwanafunzi anashangaa: yuko hapa mbele yangu, ananiomba sasa, mbona anasema kama ilikuwa jana?

Usishangae. Nenda dukani jioni. Mtu kasimama mbele ya muuzaji, pesa mkononi, anasema: "Samahani, nilikuwa naulizia mafuta ya taa." Alikuwa anaulizia lini? Ndiyo kwanza amefika. Au ofisini: "Nilikuwa naomba kuonana na mwenyekiti." Yule aliyesema "nataka mwenyekiti" na huyu wamekuja kwa jambo moja, huyu wa pili karudisha ombi lake nyuma hatua moja, kaacha nafasi ya kukataliwa bila aibu. Ni hila ileile, wala hatukuifunza kwa Mwingereza wala yeye kwetu. Na mtu akishaona kwamba sura ya jana inaweza kuwa sura ya umbali, umbali wa adabu au umbali wa kutowezekana, anapata ufunguo wa sentensi inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari: "If I went tomorrow". Went na kesho! Wanadhani kitabu kimechapwa vibaya. Hapana, went hapo haibebi saa, inabeba mashaka. Sisi kazi hiyo tumeipa -nge-: kama ningekwenda kesho. Kitu chenye kiambishi chake maalumu kwetu, kwao kimepewa sura ya wakati uliopita ifanye kazi mbili kwa mshahara mmoja. "If I were" nayo ni mabaki ya hali ya kale ambayo Kiingereza kilikuwa nayo kwa wingi zaidi, na "I suggest that she go", bila "s", ni baki jingine; hayo mawili yanatosha kujulikana yapo.

Kwa -ngali- tunaambiwa shuleni ni ya yaliyokwishashindikana, ningalikwenda, "I would have gone". Barazani watu wengi wanasema ningekwenda kwa yote mawili, na muktadha unaamua. Kiingereza hakiruhusu uzembe huo: "would go" mlango uko wazi bado, "would have gone" umeshafungwa. Wale wazee wa "asingefeli" wangelazimika kuchagua.

Msije mkadhani taabu hii ni ya upande mmoja. Mwaka 1900 mtu mmoja aliyezaliwa jirani na Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliojiandaa kuja huku. Hebu wawazie wameketi, kola zimebana shingo, wanakabiliana na nisipokwenda na nisingekwenda. Maandishi ya Mtoro kuhusu ndoa, safari, ngoma na maradhi ya watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, yamo ndani ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na ndani yake unakiona kitenzi kikiwa kazini: wakaenda, wakafika, wakapiga kambi, akija mgeni hupewa maji. -Ka- na hu- zinaonekana zinafanya nini, maana mtu anasimulia jambo. Padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi Unguja na Bagamoyo miaka mingi kabla ya kutoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1909 na kamusi yake kubwa mwaka 1939, naye alikipata kitenzi chetu kwa kusikiliza watu wakisema. Wageni walipotaka kujua kitenzi chetu walikuja barazani, au walimwita mtu wa barazani aende kwao. Sisi tunapotaka kujua chao tunakwenda ubaoni.

Na tunakwenda ubaoni huku tumefungwa mdomo. Zipo shule ambazo mtoto akisema neno la Kiswahili huvishwa kibao shingoni, atembee nacho mpaka amkamate mwenzake. Ukutani kumeandikwa "Speak English". Wazazi wengine tunalipa ada kubwa kwenye inglishi midiamu tukiamini kibao hicho ndicho kinachofundisha. Maoni yangu ni kwamba kinafundisha kunyamaza. Mtoto anayeogopa kibao hatauliza "ipi sasa?", na bila swali hilo hakuna atakachokijua zaidi ya mistari myekundu. Hayo niliyoeleza leo, -me- ya amelala, vitenzi viwili vilivyovaa, -ki- isiyotaka "will", hayaelezeki ila kwa kukitumia Kiswahili darasani waziwazi, lugha mbili zikiwa zimewekwa mezani kwa pamoja. Sisemi Kiingereza kipunguzwe. Nasema kifundishwe na mtu anayejua mwanafunzi anatoka lugha gani.

Najua pingamizi litakalokuja: mtihani unauliza jedwali. Unauliza kweli, sehemu yake. Lakini mtahini akiweka sentensi yenye pengo na kumtaka mtoto achague kati ya majibu manne, swali analouliza ni lilelile la binti wa mwani. Ipi sasa? Aliyekariri bila kuchagua atabahatisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Mlingotini, Zinga, Kaole na popote mnaponisikia. Kesho mwanafunzi akiingia darasani, liacheni jedwali lipumzike kwa kipindi kimoja. Muulizeni kwa Kiswahili mama yake amekwenda wapi na atarudi lini, ajibu kwa Kiswahili, muandike jibu lake ubaoni, kisha mtafute naye, kiambishi kwa kiambishi, Waingereza wanalisemaje hilo. Na ninyi wazazi, mtoto akikosea "did went" msimcheke. Binti yule wa taitai, kabla sijaondoka, tulilipata jibu lake: "She has gone to the sea. She will come back when the tide comes in." Aliliandika pembeni ya jedwali kwa penseli. Mwenye maoni, au mwenye sentensi iliyomshinda mwanawe, atuletee. Kipindi kijacho tutaanza na hizo.